Kiti cha Karibu na Shubaka

Kazi yangu ni kuwaandikia washauri maisha yao. Si maisha waliyoishi, maana hayo kila mtu anayo na hayauziki. Naandika yale yanayochapishwa kwenye kijitabu cha kampuni, chini ya picha ya mtu aliyekunja mikono kifuani na kutazama pembeni, kana kwamba anaiona hoteli ambayo haijajengwa. Kampuni yetu iko Osaka, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa ghala la taulo, kwa kuwa zamani sisi wenyewe tulikuwa tunauza taulo na mashuka kwa nyumba za wageni. Siku hizi tunauza ushauri. Ushauri haufuliwi, na ukishauzwa haurudishwi.

Mchukue Bwana Ebina. Alikuwa msimamizi wa jiko katika hoteli iliyofungwa, akahamia nyingine, nayo ikafungwa, akapokelewa na ya tatu. Mimi nikaandika kwamba "ameshiriki kwa karibu katika mageuzi ya hoteli tatu mashuhuri." Hapo hakuna uongo. Zote tatu zimegeuka kuwa maegesho ya magari. Au mchukue Bi Sakaki, anayezunguka nchi nzima akiwafundisha wahudumu namna ya kuinama: kidogo kwa mgeni anayepita, zaidi kwa mgeni anayeingia, na mpaka chini kabisa kwa mgeni anayelalamika. Huyu alihudumu kwenye ndege msimu mmoja wa kiangazi, akaacha kwa sababu ya kichefuchefu. Nikaandika, "ametoka katika ulimwengu wa anga."

Ila kazi ninayojivunia kuliko zote ni ile niliyomfanyia mkuu wetu, Shiomi Takehiko. Tunamwita Mwalimu, kama anavyoitwa huku kwetu kila mtu anayelipwa kwa kuongea. Wasifu wake unaanza hivi: "Amezaliwa ndani ya ukarimu." Mama yake alishikwa na uchungu kwenye harusi ya binamu, katika ukumbi wa hoteli, na gari la wagonjwa likachelewa. Sentensi hiyo moja imetuletea wateja wengi kuliko tangazo lolote tulilowahi kulipia, na mwenyewe ameisoma mara nyingi mpaka siku hizi anadai anaukumbuka muziki wa siku ile.

Sitaki umdhanie mtu mbaya. Mwalimu Shiomi ana sauti nzuri, hamkopi mtu, na mvua ikinyesha anakupa mwavuli wake yeye akalowana. Shida yake ni kitabu. Alikiandika mwenyewe, kinaitwa Ukarimu Huru, na ukurasa wa kwanza unasema kwamba mila za nyumba zetu za wageni zinamchosha mgeni: avue viatu hapa, avae ndara zile, akae pale, ainamiwe na huyu. Mwache mgeni afanye anavyojisikia, kinasema kitabu, naye atarudi. Mtu aliyekwisha kuandika kitabu ni vigumu sana kumwambia kitu.

Mwaka jana majani yalipoanza kuwa mekundu, tulikuwa kwenye treni kuelekea Kyushu, kwenye bonde la Yunotani. Bonde hilo lina nyumba za wageni kumi na mbili zilizojipanga kando ya mto, kila moja na mabafu yake ya maji moto. Wenye nyumba wana chama chao, na chama kilikuwa kinatafuta mshauri mmoja wa bonde zima, kwa mkataba wa miaka kadhaa. Tukiupata, kampuni itapona. Tukiukosa, hatutafika mwaka mpya. Mwalimu aliniambia hivyo bila kupamba, huku akitafuna mzizi wa lotasi, yungiyungi la majini, kutoka kwenye boksi lake la chakula.

"Tokunaga, tukilikosa hili, wewe rudi kwenu ukalime vitunguu."

Kwetu ni Awaji, na vitunguu ndivyo vilivyonifukuza huko. Nilimwambia hilo si jambo la kutaniana mtu akiwa anakula.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mama Isomura, mjane mwenye nyumba iitwayo Isomura-ya, mwanamke mdogo wa mwili anayevaa kimono rangi ya majivu na kuongea taratibu mpaka unajikuta umeinamisha kichwa ili umsikie. Alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa Mwalimu. Miaka hiyo mume wake alikuwa hai, na Mwalimu aliitwa kuwasaidia kupanga upya uongozi wa nyumba. Kwa hiyo tulikwenda kifua mbele. Tulijiona tunakwenda kwa mtu wetu.

Tulimkuta kwenye varanda ya mbele, mkoba umeshafungwa.

"Mwalimu, nisamehe sana," alisema. "Jicho langu limeharibika. Daktari wa mjini amepata nafasi leo, anataka kulipasua leo hii, nilale huko, nirudi kesho asubuhi. Na wenzangu wanakuja jioni kula na kuamua kuhusu mkataba."

"Tuahirishe, Mama."

"Samaki wameshanunuliwa." Akavaa kandambili zake pole pole. "Naomba unitunzie nyumba jioni hii moja. Wapokee, waketishe, wale, waongee. Wewe umewafundisha watu nchi nzima kupokea wageni, mimi nimejifunza kwa kuchungulia tu. Ukiwapokea wewe, wenzangu wataona kwa macho yao wanachokinunua. Kila kitu nimekiacha tayari mezani."

Mwalimu aliinama akiwa amejaa furaha mpaka masikioni. Tulitoka nje pamoja na wahudumu wote, tukaipungia mkono teksi mpaka ilipovuka daraja na kupotea nyuma ya mianzi. Mkono wangu ulikuwa unauma, lakini desturi ya huku ndiyo hiyo.

Mezani Mama Isomura alikuwa ameacha vibao vya majina, kumi na kimoja, vimepangwa kwa mpangilio wa kukaa. Cha kwanza kilikuwa cha Mzee Kajiwara, mkubwa wao kwa umri. Cha pili cha Bwana Utsumi, ambaye nyumba yake ndiyo ya zamani kuliko zote bondeni. Vikateremka hivyo hivyo mpaka cha mwisho cha Mama Hidaka, mgeni wao chamani, wa kukaa karibu na mlango. Mwalimu alivitazama kama daktari anavyotazama uvimbe. Akavikusanya vyote, akavitia mfukoni mwa koti.

"Mwalimu, hivyo ni vya kupanga," nilimwambia.

"Leo hakuna kupanga. Kila mtu atakaa anapojisikia. Hilo ndilo onyesho lenyewe, Tokunaga."

"Hawa si watalii. Hawa ni wenye nyumba."

"Na wao ni binadamu. Ukurasa wa kwanza."

Banno, mpishi, alitoa kichwa kwenye kidirisha cha jikoni. Ni mtu mnene mwenye kitambaa kichwani, asiyependa watu wa mjini na hafichi.

"Nani anakaa juu? Nataka kujua kichwa cha samaki mkubwa nampelekea nani."

"Leo wote wako sawa, Banno," alisema Mwalimu.

"Sawa. Ila samaki hawako sawa. Nina mkubwa mmoja na wadogo kumi. Nimwambie nani kati yao ajikate?"

"Mpeleke yeyote."

"Yeyote," Banno alirudia, akafunga kidirisha.

Wageni walifika giza likiwa linaingia. Walioga kwanza, kama kawaida, wakatoka mabafuni wamevaa majoho ya pamba ya nyumba, nyuso zinang'aa, wanacheka na kutaniana kuhusu vitambi vyao. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa ukumbi, paji karibu liguse mkeka, anawakaribisha mmoja mmoja kwa ile sauti yake nzuri. Nilimtazama nikaona fahari. Pengine, niliwaza, mimi ndiye mwenye roho ya mkulima wa vitunguu.

Ukumbi ulikuwa umepangwa safu mbili za meza ndogo, kila meza na mto wake wa kukalia. Huko mwisho kabisa, mbali na mlango, lilikuwa shubaka la heshima, uwazi ulioachwa ukutani, na ndani yake picha ya ndege korongo na ua moja kwenye chungu. Mbele ya shubaka ulikuwa mto mmoja mnene kuliko mingine, wa aliye juu ya wote, una egemeo la mgongo na la mkono. Wageni walifika mlangoni, wakaona meza hazina majina, wakasimama. Kicheko kilikatika.

"Ndugu zangu," Mwalimu alisema, "leo hakuna juu wala chini. Kaeni popote mnapojisikia."

"Vizuri sana," alisema Bwana Utsumi.

"Ya kisasa hii," alisema mwingine.

Wote walikubali kwa vichwa, na hakuna aliyeinua mguu.

"Mzee Kajiwara, pita huko juu basi," Utsumi akasema mwishowe.

"Mimi? Mimi mkubwa wa miaka tu, hata kobe ana miaka. Pita wewe. Nyumba yenu ilikuwepo babu yangu hajazaliwa."

"Nyumba ndiyo ya zamani, mimi mwenyewe wa juzi. Pita, mzee, usituchoshe. Fikiria miguu yako."

"Miguu yangu inapenda mlangoni. Hapa ni karibu na choo."

"Basi na mimi choo nakihitaji sana tangu upasuaji."

Wakacheka, wakasukumana kidogo kwa mabega, na bado hawakupita. Halafu Mzee Kajiwara, kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa magongo, akajitupa kwenye mto wa mwisho kabisa, ule wa jirani na mlango. Basi ikawa vurugu. Mzee wa bonde akiwa amekaa chini kabisa, wengine wakae wapi? Utsumi alikwenda kukaa chini yake, mahali ambapo hapakuwa na mto, kwenye ubao wa mlango wenyewe. Mwingine akajibana kati ya Utsumi na ukuta. Mama Hidaka, aliyekuwa mdogo wao kwa kila hesabu, aliona nafasi zote za chini zimechukuliwa na wakubwa zake, akachukua mto, akatoka nao nje ya ukumbi, akaketi kwenye baraza karibu na ndara.

"Mimi hapa pananitosha kabisa," alisema kutoka nje. "Endeleeni tu."

Hakuna aliyeweza kuendelea. Nusu ya ukumbi ilikuwa tupu kama shule wakati wa likizo, na watu wazima kumi na mmoja wamerundikana mlangoni, kila mmoja akimwomba radhi mwenzake kwa goti lililo mgongoni mwake. Mhudumu alikuja na sinia la vikombe, akakosa pa kukanyaga, akarudi nalo. Pombe ya mchele ilipashwa, ikapoa, ikapashwa tena.

Kidirisha cha jikoni kilifunguka. "Nimekaanga kamba," Banno aliniambia kwa sauti ya chini yenye uchungu. "Walikuwa wakavu, wepesi, wanalia wakiguswa. Sasa wamelegea kama soksi. Unajua kamba alikufa mara moja akidhani basi?"

"Namwambia, kaka. Namwambia."

Nilitambaa mpaka kwa Mwalimu. Alikuwa bado amepiga magoti, anatabasamu, jasho linamtiririka nyuma ya sikio.

"Vitoe hivyo vibao mfukoni," nilimnong'oneza. "Sema neno moja tu. Sema, Mzee Kajiwara karibu huku. Watapanda wote kama kuku jioni."

"Nikivitoa, kitabu kimekufa."

"Kimeshakufa, Mwalimu. Tunakikalia matanga."

"Wape muda. Uhuru unahitaji kuzoeleka."

"Wana njaa."

"Na mimi pia," alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile nikaiona hofu machoni mwake. Anajua desturi kama ninavyoijua mimi. Mtoto wa shule anaijua. Kilichomshinda ni kurudi nyuma hatua moja mbele za watu, na hilo niliwahi kuliona kwa washauri wote niliowaandikia. Nilikasirika kiasi cha kutaka kuvichomoa vile vibao mwenyewe. Ningevichomoa, ningekuwa nimemvua nguo.

Mwishowe aliamua kuwaonyesha kwa mfano. Alitaka, aliniambia baadaye, kutembea katikati ya ukumbi, awaelekeze kwa mkono jinsi nafasi zilivyo nyingi na nzuri. Alisahau kwamba alikuwa amekalia miguu yake tangu mgeni wa kwanza alipotoka bafuni. Alisimama vizuri. Akapiga hatua mbili kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni. Goti la kulia likakataa, la kushoto likamfuata, akaenda mbio akiwa ameinama, mikono mbele, akipita meza zote, mpaka akakosa pa kwenda. Akaanguka kwa makalio, pwata, juu ya ule mto mnene, mgongo kwenye egemeo, korongo juu ya kichwa chake.

Nilisikia maji ya mto huko nje yakipita kwenye mawe.

Huku kwetu mtu anayeuza kitu kwa watu hakai juu yao. Hata akialikwa, atakataa mara kadhaa na bado atakaa mlangoni. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya Mzee Kajiwara, juu ya nyumba ya Utsumi, juu ya bonde zima, bila kualikwa na mtu. Nilifumba macho nikaona mashamba ya Awaji yamejipanga mistari.

Nilipoyafumbua, Mzee Kajiwara alikuwa anasimama, uso umelainika, karibu anacheka.

"Haya basi," alisema. "Mwalimu amekaa. Tukaeni."

Wakakaa wote, upesi, bila neno. Kajiwara alichukua mto unaofuata, Utsumi akamfuata yeye, na wengine wakajipanga chini yao bila kugusana bega. Mama Hidaka aliingia na mto wake akauweka mlangoni kwa furaha. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kufanywa, na limefanywa na mtu wa nje, kwa hiyo hakuna mwenyeji aliyebaki na la kuogopa. Ukishakuwa chini ya mtu kama yule, huwezi tena kushutumiwa kwamba umejikweza.

Mwalimu alijaribu kunyanyuka. "Samahani, miguu, mimi siwezi..."

"Kaa, kaa, Mwalimu," alisema Utsumi. "Umekaa kama uliyezaliwa hapo."

"Amezaliwa ndani ya ukarimu," alisema Mama Hidaka, ambaye kumbe alikisoma kijitabu.

Aliyekaa pale ndiye anayepewa kikombe cha kwanza, akapewa. Kichwa cha samaki mkubwa kilikwenda kwake, na Banno mwenyewe alikileta, amekunja uso kama mtu anayepeleka mtoto wake kwa mkwe asiyemtaka. Na aliyekaa pale ndiye anayefungua kwa hotuba. Kikombe cha tatu kilipopita, miguu ikamrudia na ulimi ukamrudia. Alizungumzia uhuru. Alizungumzia kuondoa mpangilio wa kukaa katika nyumba zote kumi na mbili. Walimpigia makofi. Waliitikia kwa vichwa kila sentensi. Mzee Kajiwara alimmiminia pombe kwa mikono miwili, kama mdogo anavyommiminia mkubwa wake, na ninyi mnaojua mnajua hilo ni jambo gani kwa mtu wa umri ule.

Walipokwenda kulala, Mwalimu alinishika kiwiko kwenye baraza, mashavu mekundu.

"Umeona? Wameketi wenyewe. Uhuru ulihitaji tu mtu wa kuanza. Na wamekubali wote, Tokunaga. Wote."

Nilikubali na mimi. Vichwa kumi na kimoja nilivihesabu kwa macho yangu. Nilimpigia dada yangu Awaji nikamwambia vile vitunguu atafute mtu mwingine wa kuvipanda.

Asubuhi Mama Isomura alirudi na pamba juu ya jicho. Wenzake walikuwa wameshaondoka, ila wote walimpigia simu akiwa njiani, mmoja baada ya mwingine. Alituita kwenye chumba kidogo cha chai. Mwalimu alikuwa amevaa tai mpya, na muhuri wa kampuni umo kwenye mfuko wa kifuani, nikiona umbo lake.

"Nashukuru kwa kunitunzia nyumba," alisema Mama Isomura. "Chama kimeamua, na kimeamua kwa kauli moja. Kuanzia leo Mwalimu ni Mshauri wa Heshima wa bonde la Yunotani. Kila karamu ya chama, mto wa mbele ya shubaka ni wako. Tukimaliza tutakutumia barua yenye mihuri yote."

"Nashukuru mno," alisema Mwalimu. "Ni heshima kubwa. Na mkataba?"

"Mtu wa heshima haandikishwi mkataba. Tungekuwa tunamtukana."

"Lakini kazi, Mama. Kazi tuliyoizungumza."

"Kazi tutaipa kampuni moja ya Fukuoka." Alimmiminia chai. "Fikiria wewe mwenyewe. Umekaa juu ya Mzee Kajiwara mbele ya watu wote. Sasa nani bondeni atakupigia simu akuagize? Nani atakuuliza mbona ripoti imechelewa? Hawawezi. Na kukushusha pale hawawezi pia, wangekuvunjia heshima. Wakakuacha hapo hapo juu."

"Nilianguka. Miguu ilikufa ganzi."

"Wote wanajua ulianguka. Mzee Kajiwara amecheka kwenye simu mpaka nami nikacheka, nikaogopa nyuzi za jicho langu." Akaweka birika chini. "Vibao niliviacha mezani, Mwalimu. Kama ungevipanga tu, sasa hivi tungekuwa tunagonga mihuri."

Mwalimu aliingiza mkono mfukoni, nikasikia vibao vikigongana, akautoa mtupu. Nilingoja ajitetee, maana anajua kujitetea. Badala yake alisema taratibu:

"Hii ni dawa yangu."

Nilijua anasema nini, na nikatamani nisingekuwemo chumbani. Katika nyumba zetu za wageni kuna wazee wasiotaka kuachia madaraka, na vijana wao wanaotaka kuvunja ukuta wa mabafu waweke vioo. Watoto hao ndio humwita mshauri. Dawa ya Mwalimu ilikuwa moja, na ilifanya kazi kila mahali: msibishane na mzee, mpandisheni cheo. Mpeni kiti kikubwa, mumwite mshauri wa heshima, mumwinamie kila asubuhi, na msimuulize kitu. Mimi nimeiandika mara nyingi kwa lugha nzuri. Urithishaji wa uongozi bila migongano.

"Baba mkwe wangu ndiye wa kwanza kuinywa," alisema Mama Isomura. "Mimi na marehemu mume wangu tulikulipa kwa hilo. Sikulaumu wewe peke yako. Ulituambia hatagundua."

"Nakumbuka."

"Aligundua siku ile ile. Mchana alikula pale kwenye kiti tulichompa. Jioni akaomba aletewe chakula jikoni, na tangu siku hiyo hakukanyaga ukumbini mpaka tunamzika."

Mwalimu aliuliza, "Aliwahi kusema lolote juu yangu?"

"Hakukutukana. Hakuwa mtu wa matusi. Aliuliza tu kama na wewe una baba."

Chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na pa kutazama. Mwalimu Shiomi, mwenye sauti ile, alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Ninaye. Ni mshauri wa heshima wa kampuni yetu."

Mzee huyo namjua. Ndiye aliyeianzisha kampuni ilipokuwa inauza taulo, akiingia nyumba za wageni kwa mlango wa nyuma na mzigo begani, Kyushu yote, Shikoku yote. Kila Jumatatu anakuja ofisini amefunga tai. Namtengea chai, nampa gazeti, anakaa kwenye kiti cha ngozi tulichomnunulia karibu na dirisha, ikifika saa sita ananishukuru na kwenda zake. Sisi sote tunasimama kumwinamia akitoka. Hakuna anayemuuliza hata bei ya taulo.

Tulifika kituoni mapema, tukakaa kwenye benchi la mbao. Mkataba tulikuwa hatuna, na tusingeupata tena. Sikutaka kumfariji sana, kusema kweli. Mwalimu alitoa simu, akaiangalia, akairudisha, akaitoa tena. Mzee wake hasikii vizuri, kwa hiyo kwenye simu hupiga kelele, na mimi niliyasikia yote bila kutega sikio.

"Nani?"

"Mimi, baba. Takehiko."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Baba, kazi imenishinda." Akasimama kutoka kwenye benchi. "Nataka nikuombe ushauri."

Upande wa pili ilisikika runinga tu, watu wakicheka kwenye kipindi cha mapishi. Ilisikika hivyo kwa muda, mpaka nikadhani mzee hajasikia, au amesikia na amekasirika. Halafu runinga ikazimwa.

"Ngoja," alisema mzee. "Usikate. Ngoja nichukue kalamu."

Treni yetu ilikuja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaondoka. Mwalimu alikuwa amesimama, simu sikioni, anainamia ukuta wa kituo na kusema, "Ndiyo, baba. Ndiyo. Endelea."